Mkutano mkuu, bahati nasibu au bajeti shirikishi: uitishe kikao kipi?

Miaka michache iliyopita niliitwa kijiji kimoja mkoani Lindi kuongoza mkutano kuhusu maji. Kazi yangu ni uwezeshaji: sina upande, sitoi uamuzi, nahakikisha watu wanasikilizana na kinachosemwa kinaandikwa. Tulikaa chini ya mwembe. Wanaume mbele kwenye mabenchi ya shule, wanawake nyuma kwenye mikeka. Kwa saa mbili na nusu waliozungumza ni wale wale sita, na hoja ilikuwa moja: kisima kipya kichimbwe kitongoji gani. Karatasi mbili za bango kitita zikajaa majina ya vitongoji.

Nikamwomba mwenyekiti ruhusa tugawanyike makundi ya watu wanane wanane: wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Dakika 20 tu. Makundi yaliporudi, mama mmoja ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo akasimama, akakaza kanga kiunoni, akasema: "Kisima kipo na pampu ni nzima. Mwenye ufunguo anakwenda shamba alfajiri, anarudi saa kumi. Sisi tunashinda na ndoo."

Watu wakanyamaza. Muda wote ule tulikuwa tunatafuta pa kuchimba, na kilichokosekana ni mtu wa kushika ufunguo.

Tangu siku ile, diwani au shirika likinipigia simu kusema "tunataka kuitisha wananchi tulitatue hili jambo", swali langu la kwanza ni: mnawaitaje? Kuna namna kadhaa za kuwakusanya watu na kuwaongoza wafikie uamuzi, na hazifanyi kazi moja. Ukichagua isiyofaa, utapata mahudhurio mazuri, picha nzuri na muhtasari mrefu, halafu tatizo linabaki pale pale. Nitalinganisha tatu ninazozijua vizuri zaidi, na ya nne nitaigusa kwa sababu watu wengi huichanganya na hizo.

Mkutano wa wote

Hapa Tanzania huu tunao kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaunda mkutano mkuu wa kijiji, na wajumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Na una meno. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uidhinishe. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, wenye kukubali au kukataa ni wanakijiji wenyewe waliokaa kwenye mkutano ule.

Watu wa mijini mara nyingi huuona mkutano wa kijiji kama jambo dogo. Mimi nimefanya kazi na wageni waliosafiri kutoka mbali kuja kutufundisha ushirikishwaji, na nchi zao hazina chombo ambamo mkulima wa kawaida anaweza kunyoosha mkono na kuzuia ardhi isiondoke. Tuuheshimu.

Lakini tuseme pia unapokwama. Mtu anazungumza mbele ya jirani, mkwe, mdai wake na mwenyekiti. Anayepakana shamba na mwenyekiti hawezi kunyoosha mkono kumpinga, kwa sababu kesho watakutana kwenye mpaka. Kura ya kunyoosha mikono inafanya kila mmoja aangalie kwanza mkono wa nani umepanda. Mama mwenye mtoto mgongoni anaondoka saa sita kwenda kupika, na maamuzi mazito huja saa nane. Tena akidi isipotimia mkutano unaahirishwa, na mara ya pili au ya tatu watu wanachoka kuja.

Dawa ni ile niliyoitumia Lindi: kuugawa mkutano uwe makundi madogo, kila kundi na mwandishi wake, halafu kurudi pamoja. Haihitaji fedha, inahitaji mwenyekiti asiyeogopa. Tatizo likiwa linaonekana kwa macho na linamgusa kila mkazi, kama maji, njia ya mifugo, uwanja wa shule au ulinzi wa usiku, usitafute kingine. Itisha mkutano mkuu, ugawe makundi.

Baraza la bahati nasibu

Namna ya pili ni ngeni kwa wengi wetu, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Badala ya kumwita anayetaka kuja, unachagua watu kwa bahati nasibu, ukihakikisha waliopatikana wanafanana na jamii yenyewe: wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, wa mjini na wa shamba, wenye nacho na wasio nacho. Unawakalisha siku kadhaa, unawaletea wataalamu wa pande zote, wanauliza, wanajadiliana kwenye meza ndogo, halafu wanatoa mapendekezo.

Mfano unaotajwa zaidi ni Ireland. Mwaka 2016 bunge lao liliunda baraza la raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na mwenyekiti wao, jaji Mary Laffoy, akawa wa 100. Jambo la kwanza walilopewa ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: kifungu cha katiba kilichowekwa mwaka 1983 kuhusu uhai wa mtoto aliye tumboni, ambacho kilizuia karibu kila aina ya utoaji mimba. Wanasiasa wengi walikuwa wakilikwepa. Sizungumzii hapa nani alikuwa sahihi, na najua wasomaji wangu wengi, Waislamu kwa Wakristo, wana msimamo wao. Nazungumzia namna nchi iliyogawanyika ilivyokaa ikazungumza bila kupigana.

Walikutana kwenye hoteli moja huko Malahide, kaskazini ya Dublin, kwa wikendi tano, kuanzia Novemba 2016 hadi Aprili 2017. Kila meza ya duara ilikuwa na watu saba au wanane, mwezeshaji na mwandishi. Kila wikendi walibadilishwa meza, ili watu wasiunde kambi. Walisikiliza madaktari, wanasheria na wataalamu wa maadili, na watetezi wa pande zote mbili. Siku moja walisikilizishwa sauti zilizorekodiwa za wanawake sita wakisimulia yaliyowapata, bila majina na bila sura. Mwezeshaji yeyote atakuambia thamani ya hilo: mtu anasikia jambo lenyewe, hana wa kumtazama na kumhukumu.

Mwishoni walipiga kura ya siri. Mapendekezo yakaenda bungeni, kamati ya bunge ikayachambua, na tarehe 25 Mei 2018 nchi nzima ikapiga kura ya maoni. Asilimia 66.4 wakakubali kukiondoa kifungu. Kilichonigusa ni jinsi matokeo ya wale 99 na matokeo ya taifa yalivyokwenda njia moja. Kikundi kidogo kilichopewa muda na taarifa kilionyesha mapema nchi ingefika wapi.

Ila tusiishie kwenye habari njema. Machi 2024 nchi hiyo hiyo ilipiga kura mbili za maoni kuhusu familia na malezi, zilizotokana na baraza jingine la raia, na zote mbili zikakataliwa kwa wingi mkubwa. Maneno yaliyowekwa kwenye karatasi ya kura yalikuwa yameandikwa na serikali, na hayakuwa yale ambayo baraza lilipendekeza. Baraza likishamaliza kazi, kalamu ikihamia mkononi mwa mwingine, wananchi wanaona.

Ufaransa nako kuna la kujifunza. Baada ya maandamano ya wenye vizibao vya njano yaliyoanza Novemba 2018 kwa sababu ya kodi ya mafuta, Rais Emmanuel Macron aliunda baraza la raia 150 kuhusu tabianchi. Walikaa Paris kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020, wakatoa mapendekezo 149. Rais alikuwa ameahidi kwamba yatafikishwa bungeni au kwa wananchi bila kuchujwa. Siku alipoyapokea akayaweka matatu kando, na mengine yakapunguzwa makali njiani. Walipokutana tena Februari 2021 kuipa serikali alama za namna ilivyoyachukua mapendekezo yao, wastani ulikuwa 3.3 kati ya 10. Watu wale walikuwa wameacha kazi na familia wikendi baada ya wikendi. Ahadi ya "bila kuchujwa" ilikuwa rahisi kutamka kuliko kutekeleza, na mimi naona ilikuwa afadhali isitolewe kabisa.

Na sisi? Mwaka 2015 lilifanyika hapa hapa Tanzania jambo linalokaribiana sana na haya, na wachache wanalikumbuka. Taasisi ya utafiti ya REPOA, pamoja na Center for Global Development na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichagua sampuli ya Watanzania karibu 2,000 kutoka nchi nzima. Takriban 400 kati yao waliletwa Dar es Salaam kwa siku mbili kujadili gesi asilia: iuzwe nje au itumike ndani, mapato yaende wapi, ruzuku ya mafuta iwepo au isiwepo. Walikaa makundi madogo na wawezeshaji, wakawauliza wataalamu maswali yao, na mitazamo yao ikapimwa kabla na baada. Juu ya maswali kadhaa mitazamo ilisogea. Mkulima na mama lishe walionyesha kwamba wakipewa taarifa na muda wanaweza kulipima suala ambalo tumezoea kuambiwa ni la wachumi.

Naukumbuka mwaka ule kwa uchungu, kwa sababu miaka miwili kabla, Januari na tena Mei 2013, Mtwara iliwaka kwa suala hilo hilo. "Gesi haitoki", watu walisema, wakipinga bomba la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa. Laiti mazungumzo yale ya siku mbili yangefanyika Mtwara yenyewe kabla bomba halijaamuliwa, na kwa ahadi kwamba majibu yatarudi kule kule. Sisemi kila mtu angekubali bomba. Nasema wangekuwa wameulizwa.

Udhaifu wa namna hii ni gharama na muda. Unalipa nauli, malazi, chakula na posho, unatafuta wawezeshaji waliofunzwa, unatafsiri mada za kitaalamu ziwe Kiswahili cha kueleweka. Baraza la Ufaransa lilikula zaidi ya yuro milioni 5. Pia kuna swali litakaloulizwa tu: "Hawa nani kawachagua?" Kwetu, ambako kiongozi ni mtu anayejulikana ukoo wake, bahati nasibu inaweza kuonekana kama kamari. Nimeona inasaidia kuchezesha hadharani: majina kwenye ndoo, mtoto wa shule anachota, kila mtu anaona.

Bajeti shirikishi

Ya tatu inahusu fedha. Wananchi wanaambiwa kiasi kilichopo, nao wanaamua kifanye nini. Ilianzia Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989, ikasambaa duniani. Kwa mfano wa karibu nawapeleka Makueni, Kenya.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka wananchi washiriki kwenye mambo ya fedha za umma, na kila kaunti inatakiwa kutekeleza. Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana kuanzia 2013 hadi 2022, walijenga ngazi: watu wanaanza kijijini, wanapanda kwenye kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, hadi kaunti. Kila ngazi inachuja vipaumbele na kuchagua watakaovibeba juu. Mradi ukishapitishwa, unakuwa na kamati ya wananchi, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanyika.

Ile sahihi ndiyo siri ya Makueni. Mama wa kijijini anayejua mchanga mzuri na mbaya anasimama pale kwenye msingi wa zahanati, na mkandarasi anajua bila yeye hakuna hundi. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga vipaumbele ambavyo vinakwisha kwa makofi na havina mtu wa kufuatilia. Bila sahihi ya namna hiyo, bajeti shirikishi ni orodha ya maombi.

Nayo haikuwa rahisi. Mwaka 2014 gavana na wawakilishi wa wadi waligombana vikali juu ya bajeti, hadi tume ikapendekeza kaunti ivunjwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Wawakilishi wa kuchaguliwa wanapoona wananchi wanagawa fedha wenyewe, wengine huhisi wamenyang'anywa kazi. Ukitaka njia hii, wakalishe madiwani kabla ya wananchi, wajue nafasi yao ni ipi.

Na inamtegemea aliyeshika kiti. Porto Alegre kwenyewe ilikoanzia, mwaka 2017 ilisimamishwa.

Bajeti shirikishi ni nzuri kwa vitu vya kujengwa: barabara, zahanati, madarasa, soko. Usiipe swali la haki, la imani au la uhasama wa makabila. Wingi wa kura utampa ushindi mwenye watu wengi, na mdogo ataondoka na kinyongo kikubwa kuliko alichokuja nacho.

Kukusanya maoni

Hii ndiyo ya nne, na mimi siihesabu kuwa kikao cha kutatua jambo. Tangazo gazetini, ukumbi, kipaza sauti, dakika tatu kila mtu, asanteni kwa kuja. Kenya mwaka 2024 kamati ya bunge ilipokea maoni mengi juu ya Muswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni vijana walikuwa barabarani na bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi. Sababu zilikuwa nyingi. Ila wengi wa wale vijana walikuwa wakisema jambo moja: tulitoa maoni, hakuna aliyetujibu. Kutoa maoni ni nusu ya mazungumzo. Hakuna aliyekaa na mwenzake, hakuna aliyelazimika kusikia upande wa pili.

(Kuna watakaouliza mbona sijataja gacaca ya Rwanda. Zile zilikuwa mahakama. Hadi zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza mashauri karibu milioni 2 ya mauaji ya kimbari. Zinastahili makala yake, na si haki kuzipima kwa kipimo cha kikao cha maji.)

Ukiziweka pamoja

Anza na nani yupo chumbani. Mkutano wa wote unampata anayeweza kuja na anayethubutu kusema. Bahati nasibu inampata ambaye asingekuja: kijana wa bodaboda, mama wa nyumbani, mzee asiye na chama. Bajeti shirikishi inawapata wenye hitaji linaloshikika, na mara nyingi wenye mpangilio mzuri nyumbani kwao.

Muda: mkutano mkuu ni siku moja. Bajeti inafuata kalenda ya halmashauri, karibu mwaka mzima. Baraza la bahati nasibu, ukilifanya kwa heshima, halipungui siku mbili kamili, na kwa jambo zito ni miezi. Ukiambiwa una fedha za nusu siku, usifanye bahati nasibu. Utawaita watu, uwajaze takwimu, uwarudishe nyumbani wakiwa wamechanganyikiwa.

Hofu ndiyo kipimo ninachokitumia kuliko vingine, ingawa sijakiona kikiandikwa kwenye miongozo tunayogawiwa kwenye semina. Jiulize: mtu akisema ukweli juu ya jambo hili, atalipa nini? Kama hatalipa kitu, mkutano wa wote unatosha. Kama atachukiwa na jirani, gawa makundi na tumia kura ya siri. Kama anaweza kupoteza ardhi, kazi au maisha, basi mkutano wa hadhara ni kumtia hatarini. Migogoro ya wakulima na wafugaji ni ya aina hii. Hapo anza na vikao vidogo vya kila upande peke yake, tena mbali na kijiji ikibidi, na ukae navyo muda mrefu kabla hujathubutu kuwakutanisha.

Kwa mji unaotaka kuamua watu wa bondeni wahamishwe au la, mimi ningechezesha bahati nasibu, nusu ya viti wapewe wakazi wa bonde lenyewe, siku nne ndani ya miezi miwili. Kata yenye fedha za mfuko wa jimbo na vijiji vinavyogombea zahanati, bajeti shirikishi na kamati yenye sahihi. Kijiji chenye kisima kilichofungwa, mkutano mkuu na makundi ya wanane.

Kabla ya kukubali kazi yoyote sasa hivi namwomba anayeniita aniandikie barua fupi: mapendekezo yatasomwa na nani, tarehe ipi, na jibu litabandikwa wapi. Wapo wanaokataa, na kazi inaishia hapo. Halmashauri moja ilikubali. Barua ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, karibu na ratiba ya chanjo, na siku iliyotajwa watu kama 40 walikuwa pale tangu saa mbili asubuhi, wengine na watoto, wakisubiri mkurugenzi aje kusoma.

Kule Lindi nilirudi baada ya miezi mitatu, mkutano uliofuata. Muhtasari uliposomwa, ajenda ya kisima kipya haikuwepo. Ufunguo ulikuwa kwa mama wawili wanaopokezana, mmoja asubuhi, mwingine jioni, na yule aliyekaza kanga alikuwa mmoja wao. Safari hii alikaa kwenye benchi.